Mifereji ya Mkono wa Kushoto

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya wachongaji pale Kibiti nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, na nimejiandaa kwa maswali kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi aliyekuwa na penseli sikioni hata pale asipokuwa na cha kuandika, hakuniuliza kitu. Alinipeleka kwa Fundi Mkuu, akasema, "Huyu anatoka kijiji cha Mkongo, anasema anaweza," kisha akaenda zake.

Fundi Mkuu aliitwa Mzee Mbwana. Nilimkuta ameketi chini juu ya gunia, miguu ameinyoosha, na bakuli ambalo halijaisha amelibana katikati ya nyayo zake. Ndivyo tulivyofanya kazi zama hizo. Hatukuwa na jiriwa ya kubania mbao. Nyayo ndizo zilizokuwa jiriwa, na tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ilishuka kati ya vidole vya miguu kutwa nzima. Nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kuinua uso, akanisogezea tezo na kipande cha mninga.

"Haya, chonga nikuone."

Nilipiga mara tatu. Ya nne akanishika kifundo cha mkono.

"Mkono gani huo?"

"Wa kushoto, Mzee."

"Na kula, wala kwa upi?"

"Wa kulia."

"Basi chombo cha watu cha kulia utakichonga kwa huohuo wa kulia. Ukitaka kuchonga mpini wa jembe kwa kushoto, chonga, sina neno nawe. Bakuli na chano, hapana."

Vijana mnaosoma haya mtasema huo ni ushamba, na mimi nilisema hivyo moyoni mwangu. Lakini Mzee Mbwana hakuwa mtu wa kukataza tu na kunyamaza. Alinipa chano kilichokwisha, yaani lile sinia la mti la kulia watu wengi, akaniambia nifumbe macho nipitishe vidole ndani yake. Sehemu ya ndani huchongwa kwa bobari, patasi yenye ncha iliyopinda kama ukucha, nayo huacha mifereji midogo midogo. Ukipitisha vidole kufuata mkono uliochonga, vinapita laini. Ukienda kinyume, vinakwaruza kidogo. Mtu anayekula kwa mkono wa kulia huusogeza wali kwa upande mmoja tu, hata yeye mwenyewe hajui kama ana upande. Mchongaji wa kulia humtengenezea njia, na wa kushoto humwekea vizuizi.

"Vidole vya mlaji vinafuata vidole vya mchongaji," akasema. "Ukimchongea kwa kushoto umemlisha kinyume."

Ilinichukua karibu miaka miwili kuufundisha mkono wa kulia kazi. Uliijua, lakini uliijua kama mtu anavyoijua lugha ya ukweni. Mkono wenye akili ulibaki kuwa ule wa kushoto, na niliutumia kushikia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Magogo ya mninga yalikuja kwa lori kutoka upande wa Ngarambe. Tulilipasua kila gogo katikati, maana kiini cha mti ndicho mama wa nyufa. Chombo kilichobakiwa na kiini kitapasuka, kama si leo basi mwakani. Nusu zile tulizikata vipande, na kila kipande tukakichonga kwa shoka mpaka kikapata sura ya bakuli nene, unene wa vidole vitatu kila upande. Hapo tulisema tumekata mbichi. Kisha tuliyafukia mabakuli hayo kwenye pumba za mpunga, tukayaacha humo masika nzima na zaidi, unyevu utoke polepole. Yalipotoka pumbani ndipo kazi ya kweli ilipoanza: tezo kwa nje, bobari kwa ndani, kigae cha chupa cha kuparuzia, halafu jani la msasa. Nasema jani lenyewe la mtini, si hiyo karatasi ya dukani iliyorithi jina lake. Mwisho tulipaka mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto.

Vyano tulivipima kwa mikono. Chano cha mikono minne kililiwa na watu wanne bila viwiko kugongana, na cha mikono sita watu sita. Futi ilikuwepo, imetundikwa msumarini, na Mkuu wa Karakana aliitumia kujikunia mgongo. Unene wa ukuta wa bakuli tuliujua kwa kidole gumba na cha kati, kimoja ndani kimoja nje, vikitembea polepole kuuzunguka mdomo mzima. Mzee Mbwana alipokuwa akipima hivyo karakana nzima ilinyamaza, na hakuna aliyetunyamazisha.

Mwaka wa tano nilihamishiwa Nyamisati kupokea miti ya mkomafi inayokatwa kwenye visiwa vya delta, ambayo tuliitumia kwa miiko na pawa za kuchotea mchuzi. Bosi wangu huko alikuwa Bwana Miti, ofisa wa misitu mkimya aliyekagua kila gogo kwa kulinusa. Siku moja nilipitisha gogo lililooza ndani. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Juma, mti umekueleza mapema, ila wewe ulikuwa unahesabu." Nilikaa huko miaka minne, nikiishi na wakata mikoko na wavuvi, na jioni za kusubiri maji yajae niliwachongea wake zao miiko. Hakuwepo mtu wa kunishika kifundo. Mkono wa kushoto ukajirudisha kazini wenyewe, nami sikuukataza. Nilijiambia kwamba mwiko si chano.

Niliporudi Kibiti nilikuwa Fundi Msaidizi, wa pili chini ya Mzee Mbwana, na mambo yalikuwa yamebadilika. Mkuu wa Karakana alikuwa amestaafu. Mahali pake alikuja mtu aliyeitwa Meneja, aliyetoka Dar es Salaam na kuzungumza habari za oda na sampuli. Huyu alituletea kazi mpya: mabakuli ya pambo, ya kuwekwa mezani kwenye mahoteli yakiwa matupu. Mdomo wa kila bakuli haukuwa sawa. Ulipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kama ukingo wa mto uliomegwa na mafuriko. Kwa nje tuliacha alama za tezo zionekane kama magamba ya samaki. Kwa ndani wateja walitaka laini tupu, pasiwe na hata mfereji mmoja.

"Wateja wanataka bakuli linalozungumza, Mzee," Meneja alieleza.

"Kwetu huzungumza wali," Mzee Mbwana akajibu. "Chombo kisicholiwa ni gogo lenye shimo."

Alisema hivyo, kisha akaketi kwenye gunia lake akayachonga vizuri kuliko sisi sote. Jambo moja tu hakukubali, nalo ni kuyapaka vanishi. Yalipakwa ufuta kama vyombo vingine. Meneja alipouliza sababu, Mzee akasema huenda siku moja mwenye bakuli akashikwa na njaa.

Sasa nifike nisikopenda kufika.

Sikumbuki ni lini hasa nilipotambua kwamba macho ya Mzee Mbwana yanakwenda. Alianza kuweka tezo yake mahali palepale, kwa upande uleule, na mtu akiisogeza anakuwa mkali. Akaanza kuwajua watu kwa vishindo vya miguu, akisema, "Juma, mbona leo unachechemea," kabla sijasalimu. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa ameshafariki, na nyumbani kwake Mahege alikuwa amebaki na binti yake, Mwanahawa. Mwanahawa alijua, na mimi nikajua, na tulipokutana tulizungumza habari za bei ya korosho.

Kisha Meneja akatukusanya asubuhi moja na kutangaza kwamba mtu yeyote asiyeona sawasawa asishike tezo. "Sitaki mtu ajikate mguu humu ndani. Nikimwona, anakwenda nyumbani siku hiyohiyo." Hakumtaja mtu, na naamini hakuwa akimlenga mtu. Lakini nilimtazama Mzee Mbwana, nikaona ameukaza uso kama anayesubiri sindano. Kazi ile ndiyo iliyokuwa heshima yake. Watu wa Kibiti nzima walimwita Fundi Mkuu hata sokoni, hata msikitini. Nikaapa kwamba hatakwenda nyumbani kwa sababu ya macho, maadamu mimi nipo.

Wiki ileile alimaliza bakuli moja la pambo, akaenda kuswali adhuhuri na kupumzika, maana umri wake ulimruhusu kurudi kazini alasiri. Nikalipima. Ukuta wa upande mmoja, ule wenye mdomo mfupi, ulikuwa mnene kuliko wenzake. Mnene kweli, si wa kudhani. Moyo ukaniuma. Nikasema, hata vidole sasa vimemchoka. Nikachukua bobari, nikaishika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa ndio mkono wangu wa kufanya kazi haraka bila makosa, nikaukomba ukuta ule kwa ndani mpaka ukawa sawa na wenzake. Kigae cha chupa na jani la msasa vikafuta kila alama. Ndani palikuwa laini kama palivyotakiwa, na hakuna ambaye angejua ni mkono gani uliopita.

Meneja alilisifu bakuli lile mbele ya watu wote. Alasiri Mzee Mbwana akaniambia kwa sauti ya chini, "Umesikia? Vidole bado vipo, Juma."

"Vipo, Mzee."

Basi ikawa hivyo karibu miaka miwili. Kila bakuli alilomaliza nililipima alipokwenda kuswali, na kila mara nilikuta upande uleule mnene, nikausawazisha. Nilijiona mtu mwema, sitawaficha. Nilijiona kama mtoto anayemshika baba yake mkono wakati wa kuvuka barabara. Nyakati nyingine, alipokuwa akisifiwa, nilihisi hata raha fulani ya kujua kwamba nusu ya sifa ile ni yangu na sijaidai. Raha hiyo ndiyo inayonichoma leo.

Mwanahawa akapata mchumba, na Mzee akasema chano cha walima wa binti yake atakichonga mwenyewe. Chano cha mikono sita, cha kuliwa na wazee, chenye mifereji yake kama desturi. Alikichonga kwa mwezi mzima, akikirudia na kukirudia. Alipokimaliza nilikipapasa, nikaona katikati, penye upana kama wa kiganja, mifereji miwili imepandana na kuacha ncha. Jambo dogo. Hakuna mlaji ambaye angejali. Lakini mkono ulikwisha zoea. Kwa muda wa kuswali rakaa nne nilikuwa nimeikata upya mifereji ile, safi kabisa, na nilipoinua bobari ndipo nilipoona nimeishika kwa mkono gani. Hiki hakikuwa bakuli la pambo. Hapa sikuweza kuparuza, maana mifereji ilitakiwa ibaki. Nikajiambia kiganja kimoja cha katikati hakitajulikana, wali utakuwa juu yake.

Siku ya walima niliketishwa kwenye chano kile pamoja na Mzee Mbwana, imamu na wazee wengine watatu. Pilau ilikuwa nzuri na watu walikuwa na njaa. Tukala, tukacheka. Imamu akamtania Mzee kwamba amechonga chano kikubwa ili yeye ale zaidi kuliko wageni. Wali ukapungua. Wazee wa kwetu hawaachi chakula katikati. Mkono wa Mzee Mbwana ukafuata mabaki kuelekea katikati, na mimi nikaacha kutafuna.

Vidole vyake vilifika pale, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena polepole, vikakwaruza. Akapita mara ya tatu kwa upande wa kinyume, na safari hiyo vikapita laini. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akasema alhamdulillah, akaomba maji, akanawa, akaketi ametulia mpaka dua ikasomwa. Wenzetu hawakuona kitu, waliona mzee aliyeshiba.

Hakuja kazini siku tatu. Ya nne nikaenda Mahege. Nilimkuta barazani peke yake. Mwanahawa, ambaye alikuwa bado hajahamia kwa mumewe, aliniletea maji akaenda uani. Nikaketi. Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, nayo yalihusu mkono.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimechonga chombo cha kulia kwa mkono ulionikataza."

"Mkono?" Alitikisa kichwa. "Mkono niliukataza kwa ajili ya walaji. Walaji wameshiba, wameomba dua, wamekwenda zao. Mkono usikupe tabu. Nakuuliza jingine. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza?"

"Hapana, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku Meneja aliposema habari ya macho."

Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Kila siku nikitoka kazini, nikishaswali magharibi, nilikuwa namshukuru Mungu. Nasema, macho umechukua, ni yako, lakini vidole umeniachia, nami nakushukuru kwa vidole. Kila siku, Juma. Sasa hebu niambie, nilikuwa nashukuru vidole vya nani?"

Nilisema kitu kuhusu mapenzi, kuhusu heshima, kuhusu alivyonifundisha. Alinyanyua kiganja nikanyamaza.

"Halipo hata bakuli moja ambalo hukuligusa?"

Nikafungua kinywa. Akasema, "Usijibu mbio. Fikiri."

Mimi nilidhani nimekwisha fikiri. Nilikuwa nimeficha miaka miwili, na sasa nilitaka kuutua mzigo wote kwa mara moja, nisibakize hata kijiti. Niliona kwamba nikisema lipo moja nitakuwa nimerudia kumdanganya kwa huruma. Nikajiona shujaa wa kusema kweli.

"Hakuna, Mzee. Yote niliyagusa."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. "Haya. Umesema." Kisha akaita, "Mwanahawa, mletee Juma chai." Tukanywa chai. Aliniuliza habari za mvua ya Mkongo, nikamjibu. Nilipoaga alinipa mkono, na sikuona ugumu wowote ndani yake.

Hakushika tezo tena. Meneja nilimwambia Mzee amechoka kwa umri, na yeye akanipa cheo cha Fundi Mkuu kabla mwezi haujaisha. Mzee Mbwana alifariki kabla ya Ramadhani ya pili tangu siku ile. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na watu walinipa pole kama mwanawe.

Nilikuwa Fundi Mkuu kwa miaka mingi kuliko nilivyostahili. Mameneja walikuja na kuondoka. Mmoja alituletea tanuri la kukaushia, pumba za mpunga zikarudi kuwa chakula cha kuku. Mabakuli yakakauka kwa siku chache na kupasuka kwa siku chache vilevile, tukaziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, na mimi nikazisimamia hizo nyufa. Mwingine alileta mashine za kusagia, hizi mnazoziita grainda. Sina ugomvi nazo, zinafanya kwa saa moja kazi ya siku tatu. Lakini mvulana mwenye grainda hawezi kunywa chai akawaza huku akifanya kazi, na kazi yetu nusu yake ilikuwa kuwaza. Vyano hatukuviuza tena. Watu walinunua masinia ya bati, na siwalaumu, bati halihitaji ufuta. Nilifundisha wengi. Aliyetumia kushoto nilimwacha atumie kushoto, sikuwa na uso wa kumshika kifundo.

Nilistaafu majuzi tu. Desturi ya makabidhiano ni kwamba anayeondoka anapita stoo pamoja na mtunza stoo, wanahakiki kilichomo. Mtunza stoo wetu alikuwa amekaa pale tangu enzi za yule Meneja wa kwanza. Alipanda ngazi, akateremsha kitu kilichofungwa kwenye gunia.

"Na hii sampuli uandike imo," akasema.

Nikafungua gunia. Lilikuwa bakuli la pambo la mninga, limekuwa jekundu kwa umri, ufuta wake bado unanukia kwa mbali. Kwenye kitako palikuwa na alama ya Mzee Mbwana, mikato miwili midogo. Nililipima kwa mazoea, gumba na kidole cha kati. Nikafika upande wenye mdomo mfupi, nikasimama. Ulikuwa mnene. Hakuna aliyeukomba.

"Hili limetoka wapi?"

"Umesahau? Ah, hukuwepo. Ilikuwa ile wiki uliyolazwa kwa homa. Meneja aliingia karakana akalikuta, Mzee ndiyo kwanza amelimaliza na kwenda kuswali, akalipenda, akalileta mwenyewe huku. Alikuwa akiwaonyesha wageni, halafu alipohama likabaki."

Nililiweka mezani. Yale mabakuli tuliyokuwa tukipeleka kwa wateja yalikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulianza miaka ileile: yaliinamia upande wenye mdomo mrefu, na ukiyagusa yanayumba. Wateja waliandika barua, nasi tulilaumu mbao, tukayasugua vitako. Hili lilikaa. Nililigusa mdomo likatikisika kidogo, likarudi mahali pake na kutulia. Upande mrefu ulikuwa mzito kwa urefu wake, na Mzee aliuachia upande mfupi unene ili upate uzito wa kujibu. Kwenye mabakuli hakuwa amekosea hata mara moja. Miaka miwili mizima nilikuwa nikilikomba lililo sahihi na kuliita kosa, kwa sababu nilishaamua kwamba mtu asiyeona hawezi kuwa na makusudi.

Nikamkumbuka barazani, aliponiambia fikiri. Yeye aliikumbuka wiki ya homa yangu. Alikuwa ananingoja na mimi niikumbuke.

Nililiomba bakuli, wakanipa kama zawadi ya kustaafu, wakaniongezea na saa ya ukutani. Siku iliyofuata nikaenda nalo kwa Mwanahawa. Sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, na siku hizi anaishi tena kwenye nyumba ileile ya baba yake. Nilimweleza yote, la macho, la chano, la unene, la mtunza stoo. Alilipakata bakuli akalipapasa ndani na nje wakati nikizungumza, na hakunikatiza.

"Basi ndilo hili," akasema mwishowe. "Baba alilitaja."

"Alilitaja lini?"

"Siku ileile, ulipotoka tu hapa. Aliniambia, 'Juma alilala homa wiki nzima, na wiki ile nilichonga moja peke yangu, nikaliona limetulia mkononi kuliko yote. Nilidhani atalikumbuka. Lakini amesema hakuna, na leo Juma hakuwa mtu wa kunidanganya. Basi lile nalo lilikuwa bovu, halikuhesabiwa. Walilitupa, wakaona haya kuniambia.'"

Akaendelea kulipapasa.

"Hakulitaja tena mpaka alipokufa, kaka Juma. Alikuamini."